Jimmy Gasore

Jimmy Gasore ni mwanasayansi wa angahewa na mwanasiasa kutoka nchini Rwanda. Anajulikana hasa kwa kazi yake katika Kituo cha Uangalizi wa Tabianchi cha Rwanda, kilichopo juu ya mlima Mugogo, ambapo gesi joto na moshi unaosafiri katika anga la Afrika ya Mashariki na ya Kati hupimwa mfululizo, usiku na mchana. Mwezi Septemba 2023 aliteuliwa kuwa Waziri wa Miundombinu wa Rwanda.

Kazi yake ina umuhimu kwa nchi zote za jirani, Tanzania ikiwemo, kwa sababu hewa haina mpaka. Moshi unaotoka katika misitu ya miombo wakati wa kiangazi hupimwa Rwanda siku chache baadaye. Tena, hadi miaka ya 2010 sehemu hii ya Afrika ilikuwa na vipimo vichache mno vya gesi joto, hata wataalamu walilazimika kukadiria mambo yake kwa kutumia vipimo vilivyochukuliwa mbali.

Elimu

Gasore alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Chuo hicho kiliunganishwa na vyuo vingine vya umma mwaka 2013, vikawa Chuo Kikuu cha Rwanda, ambako Gasore baadaye alifundisha. Kisha alikwenda Marekani kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), kwenye idara inayoshughulika na sayansi za dunia, angahewa na sayari. Msimamizi wake alikuwa Profesa Ronald Prinn, mzaliwa wa Nyuzilandi, ambaye ameongoza mtandao wa kimataifa wa kupima gesi za angahewa unaoitwa AGAGE.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 2018. Tasnifu yake ilihusu kukadiria kiasi cha kaboni dioksidi na methani kinachotoka katika Afrika ya Kati na ya Mashariki, kwa kutumia vipimo vinavyochukuliwa mara kwa mara pamoja na hesabu za kurudi nyuma kutoka kwenye kipimo hadi kwenye chanzo. Hesabu hizo zinaelezwa hapa chini.

Inafaa kutambua kwamba mtaalamu wa kemia ya angahewa si lazima awe ameanzia katika kemia. Wengi walianzia katika fizikia, hisabati au uhandisi. Mholanzi Paul Crutzen, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995 pamoja na Mario Molina na Sherwood Rowland kwa kueleza jinsi ozoni inavyoundwa na kuharibika, alianza kama fundi wa madaraja, akaajiriwa kuandika programu za kompyuta katika chuo kikuu cha Stockholm, na ndipo akaingia katika elimu ya angahewa.

Asili ya kituo cha Mugogo

Mwaka 2008 Rais Paul Kagame wa Rwanda alitembelea MIT. Kutokana na mazungumzo yaliyofuata, serikali ya Rwanda na taasisi hiyo zilikubaliana kujenga kituo cha kupima tabianchi nchini Rwanda. Kusudio la awali lilikuwa kuwa na kituo cha kudumu juu ya Karisimbi, volkeno yenye urefu wa mita 4,507. Kilele hicho ni kigumu kufikika, hivyo kazi ilianzia Mugogo, mlima wenye urefu wa mita 2,590 juu ya usawa wa bahari, kaskazini magharibi mwa nchi, si mbali na mji wa Musanze. Vipimo vilianza kuchukuliwa Mei 2015.

Kituo kilikusudiwa kufanya kazi kwa utaratibu wa AGAGE. Mtandao huo ulianza mwaka 1978, wakati dunia ilipokuwa na wasiwasi juu ya gesi za klorofluorokaboni zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia. Mwaka 1974 Molina na Rowland walikuwa wameonyesha kwamba gesi hizo zinaweza kuharibu tabaka la ozoni linaloukinga uhai dhidi ya mionzi ya jua. Swali lililobaki lilikuwa: gesi hizo hukaa angani kwa muda gani? Jibu lilihitaji vipimo vya miaka mingi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, vikichukuliwa kwa njia moja ili viweze kulinganishwa. Vituo vya mtandao viliwekwa Ireland, pwani ya magharibi ya Marekani, Barbados, Samoa ya Marekani na Tasmania. Vipimo vya namna hiyo vilisaidia kuonyesha kwamba Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, uliozuia gesi hizo, unafanya kazi.

Ukitazama orodha hiyo kwenye ramani, utaona kwamba vituo vingi vipo pembezoni mwa bahari na visiwani. Hapakuwa na kituo cha mtandao huo katika bara la Afrika, licha ya ukubwa wa misitu yake, mbuga zake na mabwawa yake. Mugogo ilikusudiwa kupunguza pengo hilo.

Gasore alishiriki katika kazi ya kituo tangu akiwa mwanafunzi wa uzamivu, na baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wake upande wa Rwanda. Pamoja na kupima, kituo kilikuwa na lengo la kuandaa wataalamu wa nyumbani. Chuo Kikuu cha Rwanda kilianzisha masomo ya shahada ya uzamili katika sayansi ya angahewa na tabianchi, na wanafunzi wake waliweza kujifunza kwa kutumia takwimu zinazotoka katika mlima wa nchi yao.

Namna vipimo vinavyofanyika

Hewa huvutwa kwa bomba kutoka juu ya mlingoti na kuingizwa ndani ya mashine. Kila gesi ina njia yake ya kutambuliwa.

Kaboni dioksidi, methani na kaboni monoksidi hupimwa kwa mwanga wa leza. Hewa huwekwa katika chumba kidogo chenye vioo vinavyoakisi mwanga huku na huko mara maelfu. Kila gesi hufyonza mwanga wa rangi yake maalumu. Leza ikizimwa, mwanga uliobaki ndani hufifia; ukifurahia muda mrefu, gesi ni kidogo, na ukififia upesi, gesi ni nyingi. Kwa kupima muda wa kufifia, mashine hujua kiasi cha gesi kwa usahihi mkubwa.

Ozoni hupimwa kwa mionzi ya urujuanimno, kwa kuwa gesi hiyo huifyonza sana. Masizi, ambayo wanasayansi huyaita kaboni nyeusi, hupimwa kwa kuipitisha hewa kwenye karatasi ya kuchujia. Karatasi huanza kuwa nyeusi, na mashine humulika taa za rangi saba tofauti ili kupima weusi huo. Rangi saba zina faida yake: masizi ya injini ya dizeli na masizi ya kuni hayafyonzi rangi zote kwa kiwango sawa. Moshi wa kuni na nyasi hufyonza zaidi rangi zilizo upande wa zambarau. Hivyo mashine husaidia kukisia kilichoungua, mbali na kupima kiasi chake.

Mahali pa kituo pana maana kubwa. Katika vituo vya milimani, mchana jua hupasha joto miteremko, na hewa ya mabondeni hupanda ikibeba moshi wa majiko na magari. Usiku hewa hupoa na kuteremka, na kilele hubaki katika hewa iliyosafiri kutoka mbali. Kwa hiyo mtafiti hulazimika kutenganisha vipimo vya hewa ya jirani na vipimo vya hewa ya mbali. Mtu akichanganya viwili hivyo, anaweza kudhani moshi wa kijiji kimoja ni moshi wa eneo zima.

Kutafuta chanzo cha gesi

Kipimo peke yake hakisemi gesi imetoka wapi. Hilo ndilo tatizo ambalo Gasore alilishughulikia katika tasnifu yake.

Njia iliyotumika inaweza kuelezwa kwa mfano wa nyumbani. Mtu aliyekaa uani husikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Upepo ukivuma kutoka mashariki harufu ni kali. Ukigeuka na kuvuma kutoka kusini, harufu hupotea. Bila kuinuka, mtu huyo anajua kwamba jiko lipo upande wa mashariki. Akiijua pia kasi ya upepo na umbali wa nyumba za majirani, anaweza kukisia ni jiko la nani na limewekwa vitunguu vingi kiasi gani.

Mwanasayansi hufanya vivyo hivyo kwa kompyuta. Kwanza huchukua kumbukumbu za upepo na kufuatilia njia ambayo hewa iliyofika kituoni ilipitia katika siku zilizotangulia. Pili, huanza na makadirio yaliyopo: msitu huu hutoa kiasi hiki, bwawa lile kiasi kile, mji huu kiasi kadhaa. Tatu, hukokotoa kipimo ambacho kingepaswa kuonekana kama makadirio hayo yangekuwa sahihi. Mwisho hulinganisha na kipimo halisi na kurekebisha makadirio, huku akizingatia kiwango cha kutokuwa na uhakika cha kila upande. Zoezi hilo hurudiwa kwa maelfu ya vipimo. Ndiyo maana kipimo kimoja kwa wiki hakitoshi. Panahitajika vipimo vya kila saa, kwa sababu mabadiliko ya upepo ndiyo yanayobeba habari.

Katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kazi hiyo ni ngumu kuliko katika nchi za viwanda. Huko Ulaya, sehemu kubwa ya kaboni dioksidi hutoka katika mitambo na magari, na kiasi cha mafuta kilichouzwa kinajulikana. Huku kwetu sehemu kubwa ya mabadiliko husababishwa na mimea yenyewe. Mchana msitu wa Kongo na mashamba ya Rwanda na Uganda hufyonza kaboni dioksidi kwa usanisinuru. Usiku mimea na udongo huirudisha kwa upumuaji. Mvua zikichelewa, uwiano hubadilika. Ili kujua kama eneo linatoa au linahifadhi kaboni, lazima tofauti ndogo ipatikane kati ya namba mbili kubwa.

Methani nayo ina vyanzo vingi katika eneo hili: mabwawa ya mafunjo, hasa Sudd huko Sudan Kusini, mifugo inayocheua, mashamba ya mpunga, majalala, na moto wa nyasi. Ziwa Kivu, lililoko kati ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lina methani nyingi iliyoyeyuka katika vilindi vyake. Nyingi ya methani hiyo hubaki chini kwa sababu maji mazito ya vilindini hayachanganyiki kwa urahisi na maji ya juu. Tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt umekuwa ukiivuna na kuzalisha umeme wa megawati 26.

Tofauti za muda ambao vitu hivyo hukaa angani ni muhimu. Masizi huanguka au kuoshwa na mvua katika muda wa siku chache hadi wiki moja au mbili. Ozoni ya karibu na ardhi hudumu kwa wiki kadhaa, kaboni monoksidi kwa mwezi mmoja au miwili, na methani kwa takribani miaka 10. Sehemu ya kaboni dioksidi inayotolewa leo itabaki angani kwa karne nyingi. Kwa hiyo nchi ikipunguza masizi na methani, nafuu huonekana mapema, lakini bila kupunguza kaboni dioksidi joto la dunia haliwezi kusimama.

Moshi wa misimu miwili

Mwaka 2019 matokeo ya vipimo vya Mugogo kuhusu masizi, kaboni monoksidi na ozoni yalichapishwa na kundi la watafiti lililoongozwa na Langley DeWitt, Gasore akiwa mmoja wao. Matokeo hayo ni kati ya maelezo ya kina zaidi yaliyopatikana kuhusu hewa ya Afrika ya Mashariki ya ikweta.

Rwanda ina vipindi viwili vya ukavu: kifupi cha Desemba hadi Februari, na kirefu cha Juni hadi Agosti. Katika vipindi vyote viwili masizi yaliongezeka sana kituoni. Katika siku za ukavu wastani wa siku nzima ulikuwa karibu mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na katika kipindi chote cha upimaji wastani wa siku ulitofautiana kutoka chini ya 0.1 hadi zaidi ya 17. Watafiti walieleza kwamba viwango vya wakati wa ukavu vilizidi vile vya miji mikubwa ya Ulaya. Jambo hilo linashangaza, kwa kuwa Mugogo ni kilele cha mlima mashambani, pasipo kiwanda wala barabara kuu iliyosongamana.

Sababu yake ni mahali Rwanda ilipo. Afrika ina misimu miwili ya moto wa mbugani. Kaskazini mwa ikweta, kuanzia Sudan Kusini hadi Afrika ya Magharibi, nyasi huungua zaidi kati ya Novemba na Februari. Kusini mwa ikweta, katika Angola, Kongo ya kusini, Zambia, Tanzania na Msumbiji, huungua zaidi kati ya Juni na Oktoba. Nchi nyingi hupata moshi wa msimu mmoja. Rwanda ipo karibu na ikweta, na upepo wake hubadilika kwa majira, hivyo hupokea moshi wa pande zote mbili: wa kaskazini mwanzoni mwa mwaka, na wa kusini katikati ya mwaka. Watafiti walilinganisha vipimo vyao na picha za setilaiti zinazoonyesha nguvu ya moto ardhini, wakaona kwamba viwango vya masizi vina uhusiano na moto huo, ingawa si uhusiano wa moja kwa moja kila siku. Rangi za mwanga zilizofyonzwa na masizi pia zilibadilika kwa majira, ishara kwamba kilichoungua na upande kilikotoka havikuwa vilevile mwaka mzima.

Hata hivyo moshi wa mbali si maelezo pekee. Kuni na mkaa wa kupikia, magari na tanuri za matofali za eneo lenyewe huongeza mzigo huo, na huongezeka kadiri watu wanavyoongezeka. Kujua sehemu ipi imetoka nje na sehemu ipi ni ya nyumbani ni swali la kisera pia. Serikali inaweza kutunga sheria kwa magari yake, lakini haiwezi kuzima moto wa nchi nyingine bila makubaliano.

Moshi unavyozaa ozoni

Ozoni ni molekuli yenye atomi tatu za oksijeni. Ikiwa juu sana, kilomita 15 hadi 35 hivi, hutukinga dhidi ya mionzi mikali ya jua. Ikiwa karibu na ardhi hudhuru mapafu, hupunguza mavuno na kuongeza joto. Ni gesi ileile. Kinachotofautiana ni mahali ilipo.

Ozoni ya karibu na ardhi haitoki katika moto moja kwa moja. Moto hutoa kaboni monoksidi, mvuke wa kemikali nyingi za kikaboni na oksidi za nitrojeni. Jua kali linapowaka, vitu hivyo hushirikiana. Molekuli ndogo iitwayo haidroksili, yenye atomi moja ya oksijeni na moja ya haidrojeni, huanza kuzivunja kaboni monoksidi na kemikali nyingine. Katika mfululizo huo, nitrojeni monoksidi hugeuka kuwa nitrojeni dioksidi. Mwanga wa jua huivunja nitrojeni dioksidi na kuachia atomi moja ya oksijeni, nayo huungana na oksijeni ya kawaida na kuwa ozoni. Nitrojeni monoksidi hurudi ilipokuwa na kuanza mzunguko upya. Kwa hiyo kiasi kidogo cha oksidi za nitrojeni kinaweza kuzaa ozoni nyingi mradi jua lipo.

Haidroksili huitwa na wengi msafishaji wa angahewa, kwa sababu ndiyo inayoiondoa methani na kaboni monoksidi hewani. Huzaliwa zaidi penye jua kali na unyevu mwingi, yaani katika nchi za tropiki. Hii ni sababu nyingine inayowafanya wanasayansi wahitaji vipimo vya ikweta: sehemu kubwa ya usafishaji wa hewa ya dunia hufanyika juu ya nchi hizi.

Aina ya moto nayo huleta tofauti. Moto wenye ndimi kali hutoa zaidi oksidi za nitrojeni na masizi. Moto unaofuka, kama ule wa magogo mabichi au wa tanuri la mkaa, hutoa zaidi kaboni monoksidi na methani.

Hewa ya Kigali

Gasore alishiriki pia katika utafiti wa hewa ya mji wa Kigali uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia mashine za bei nafuu zilizowekwa sehemu mbalimbali za mji. Watafiti walichunguza pamoja na mambo mengine Jumapili zisizo na magari, utaratibu ulioanza Kigali mwaka 2016, ambapo barabara fulani hufungwa asubuhi ili watu watembee, wakimbie na kuendesha baiskeli. Utaratibu huo uliwapa wanasayansi nafasi adimu: kuulinganisha mji uleule ukiwa na magari na ukiwa hauna.

Shirika la Afya Duniani lilipunguza mwaka 2021 kiwango linachoshauri cha vumbi laini hewani, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Vumbi hilo ni chembe zenye upana usiozidi sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita, ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu na hata kuingia katika damu. Miji mingi ya Afrika ya Mashariki imezidi kiwango hicho mara kadhaa.

Kutoka kituoni hadi wizarani

Septemba 2023 Rais Kagame alimteua Gasore kuwa Waziri wa Miundombinu, akichukua nafasi ya Ernest Nsabimana. Alibaki katika nafasi hiyo katika baraza jipya lililoundwa Agosti 2024, baada ya uchaguzi mkuu wa mwezi Julai.

Wizara hiyo inasimamia usafiri, nishati, maji na makazi, yaani sekta zilezile zinazotoa sehemu kubwa ya uchafuzi aliokuwa akiupima. Mwaka 2024 alitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zitakazosajiliwa kwa ajili ya kubeba abiria mjini Kigali zitakuwa za umeme tu. Pikipiki ndizo usafiri wa kila siku wa wakazi wengi wa mji huo, kama bodaboda zilivyo katika miji ya Tanzania, Kenya na Uganda.

Si jambo la kawaida kwa mtafiti wa angahewa kukabidhiwa barabara na umeme wa nchi. Waziri hana budi kupima pia gharama za pikipiki, bei ya umeme, vituo vya kubadilishia betri na mahitaji ya kaya ambazo bado zinapikia kuni.

Vituo vingine katika Afrika

Kituo cha Mugogo si cha kwanza kupima hewa katika Afrika. Cape Point nchini Afrika Kusini imepima gesi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Nchini Kenya, kituo cha mlima Kenya, kilichopo mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kilianza kazi mwaka 1999 chini ya mpango wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Jijini Nairobi, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ikishirikiana na Uswisi imekuwa ikirusha maputo yenye vipima ozoni tangu mwaka 1996.

Tatizo la vituo vya namna hii ni kudumu. Mashine huhitaji umeme usiokatika, gesi maalumu za kusawazishia vipimo, vipuri vya bei kubwa na mafundi wenye ujuzi. Kipimo cha tabianchi hupata thamani kwa urefu wa kumbukumbu zake. Mfano maarufu ni Mauna Loa huko Hawaii: mwaka 1958 Charles Keeling alipoanza kupima hapo, kaboni dioksidi ilikuwa kama sehemu 315 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420. Kama upimaji ungekoma baada ya miaka mitatu, kupanda huko kusingeonekana kwa uwazi. Kwa sababu hiyo kuwa na wataalamu wa nyumbani kama Gasore si suala la fahari tu. Mgeni huja na mradi na huondoka mradi ukiisha. Kituo hubaki kikiwa na watu wanaoishi karibu nacho.

Uhusiano na Tanzania ya kati

Kati ya Juni na Agosti, pepo za kusi huvuma kutoka kusini mashariki. Hewa nyingi inayofika Rwanda wakati huo huwa imepita juu ya Tanzania. Kwa hiyo mikoa ya Singida, Tabora na Katavi ipo upande unakotoka upepo.

Mkoa wa Singida una msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu. Kuanzia Juni nyasi hukauka, na moto huonekana katika misitu na vichaka vya upande wa magharibi na kusini, katika maeneo ya Itigi, Manyoni na Rungwa. Sababu zake ni nyingi: kuandaa mashamba, kuchoma mabua baada ya mavuno, wafugaji kutafuta majani mabichi, uwindaji, na mienge ya warina asali isiyozimwa vizuri. Katika mapori ya akiba uchomaji hufanywa pia kwa makusudi mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba na Oktoba usipate cha kuunguza. Moto wa mapema huwa mdogo, huacha viraka visivyoungua na hauui miti michanga kwa urahisi kama moto wa kuchelewa.

Uchomaji wa mkaa na upikaji wa kuni huongeza gesi hizo mwaka mzima. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Faida ya kwanza ya mkakati huo ni afya ya mama na watoto wanaokaa karibu na jiko. Faida ya pili, kwa mujibu wa kemia iliyoelezwa hapo juu, ni kupungua kwa masizi, methani na malighafi ya ozoni katika anga la nchi yenyewe na la majirani walio upande uendako upepo.

Vipimo vya Mugogo vinaweza kuonyesha, mwaka hadi mwaka, kama juhudi za namna hiyo zinazaa matunda, mradi mashine ziendelee kufanya kazi na takwimu zake ziendelee kutunzwa.

Tazama pia

Angahewa
Gesi joto
Ozoni
Paul Crutzen
Ziwa Kivu
Mkoa wa Singida